Kielelezo Namba Saba: Jaji Yuko Chini

Tulimwacha Jaji hewani.

Wiki nzima, msomaji, Mheshimiwa Lenore Abruzzese ameelea pale pale tulipomwacha. Makalio yamekwisha kuachana na kiti, sakafu bado hayajaifikia, na joho jeusi limefumuka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Tumemtesa vya kutosha. Acha aanguke.

Pu!

Meza ya karani ikatikisika. Bendera ya pembeni ikayumba. Kisha kikaja kimya cha watu kumi na wawili ambao wote wanataka kucheka, na wote wanajua atakayeanza kucheka atalala rumande.

Wa kwanza kupata ulimi alikuwa wakili wa serikali, Brantley Oakes, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye shingo ya mchezaji mpira na sauti ya tangazo la benki.

"Mheshimiwa! Serikali inaomba kumbukumbu za mahakama zionyeshe kwamba Mheshimiwa Jaji ameanguka!"

"Pingamizi!" Mzee Saul Wexelblatt, wakili wa upande wa pili, aliruka juu, miwani ikabaki nyuma. "Mheshimiwa hakuanguka. Mheshimiwa ameketi!"

"Ameketi wapi? Yuko sakafuni!"

"Ameketi kwa haraka!"

"Nyote wawili," ilisema sauti kutoka chini, "mkifunga midomo nitawashukuru."

Kwa wewe uliyekosa gazeti, mambo ni haya. Bi Nereida Batiz, mjane wa miaka sitini na sita, mzaliwa wa mji wa Ponce, ana duka la vifaa vya wazee kwenye barabara ya Burnside, kule Bronx. Kitu anachouza kuliko vyote ni mkongojo wa ajabu. Chini una miguu mitatu ya kukunjua, juu una vibao viwili. Ukiingiza kipini cha chuma mahali pake, vibao vinafunguka na kukaza, na bibi anakaa akisubiri basi au zamu yake ya kliniki.

Nereida anauagiza kutoka ng'ambo ya Pasifiki. Yeye anasema ni kiti, na viti vya aina hiyo, kwa orodha ya ushuru, vinaingia bure. Watu wa forodha wanasema ni fimbo, na fimbo zinatozwa. Wamebishana miaka minane. Katika miaka hiyo minane Nereida amezika mume na kuozesha mabinti wawili, na serikali kubwa kuliko zote duniani bado haijajua kama kile kitu ni kiti au ni fimbo.

Ndipo, katika toleo la wiki iliyopita, Jaji, akiwa amechoshwa na wataalamu wanne wa samani, akateremka mwenyewe kutoka juu akasema, "Leteni hapa. Nitakikalia." Kikaletwa kielelezo namba saba. Akakikalia.

Haya. Tuendelee.

Karani alimkimbilia kumwinua.

"Usiniguse."

Akajiinua mwenyewe, mama wa miaka sabini na moja, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye ukingo wa meza. Alipanda ngazi tatu za kurudi juu kwa muda ambao mtu angeweza kuoka mkate. Akaketi kwenye kiti chake halisi, kile ambacho hakuna aliyewahi kukibishia. Akaweka joho sawa.

"Tuendelee," alisema. "Tulikuwa wapi?"

Mtu angejibu nini?

Akajibu Yvonne Pettiford, mama wa Brooklyn anayechapa kumbukumbu za mahakama, mwaka wa thelathini na moja sasa bila kukosa neno. Hakuinua hata macho.

"Mheshimiwa, vidole vyangu vinasubiri. Niandike ameketi au ameanguka?"

Jaji alikohoa.

"Andika kwamba Jaji alikichunguza kielelezo."

"Kwa njia gani, Mheshimiwa?"

"Kwa karibu."

"Serikali inapinga!" Oakes alisimama tena. "Kuchunguza ni kwa macho, Mheshimiwa."

"Wengine wana vipaji zaidi," alinong'ona Wexelblatt, kwa ule mnong'ono wa mzee asiyesikia vizuri, unaofika hadi mlangoni.

"Dakika kumi!" Nyundo ikapigwa, na Jaji akaingia ofisini kwake akitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji ambayo haionekani.

Hapa ndipo pabaya. Mahakama ile ya biashara ya kimataifa, pale chini Manhattan, haina baraza la raia kumi na wawili la kupiga kura. Kesi kama ya Nereida inapewa jaji mmoja, mmoja tu. Anasikiliza peke yake, anapima peke yake, anaamua peke yake. Kwa miaka kumi na tisa, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, hakuna mtu aliyemwambia Lenore Abruzzese kwamba amekosea. Utawala wa namna hiyo unanenepesha. Na sasa yule mmoja, ambaye ndiye mahakama nzima, alikuwa amekaa chini mbele ya watu, miguu juu.

Barazani, karibu na mashine ya kahawa, Nereida alimshika Wexelblatt, anayemwita Don kwa heshima ya kwao, mkono wa koti.

"Don Saul, nieleze taratibu. Tumeshinda au tumeshindwa?"

"Inategemea neno moja, Bi mkubwa. Kumbukumbu zikisema ameketi, basi ni kiti, maana watu wanaketi kwenye viti. Zikisema ameanguka, Oakes atasema hakuna kiti cha namna ile duniani."

"Lakini ameanguka. Mimi nimemwona. Wewe umemwona."

"Mimi nilikuwa natafuta miwani."

"Don Saul!"

Mzee akapunguza sauti. "Kuna baya zaidi. Wakisema Jaji amekuwa shahidi katika kesi yake mwenyewe, itabidi ajitoe. Tutapewa jaji mwingine. Tutaanza upya."

"Upya tangu wapi?"

"Tangu 'Kitu hiki ni nini?'"

Nereida akaegemea ukuta. Miaka minane mingine! Dukani kwake kuna wajane watatu wanaofungasha mizigo, na mdogo wao ana miaka sabini. Nusu ya wateja wake hawana miaka minane iliyobaki.

"Bi Batiz." Oakes alikuwa amesimama nyuma yao, mkate wa mviringo mkononi, jibini mdomoni. "Neno moja, kwa wema tu. Kubali leo kwamba ni fimbo, mlipe kama fimbo, na mambo yaishe. Ukishikilia kwamba ni kiti, mtu atauliza ni kiti gani hiki kinachoangusha majaji. Leo jaji, kesho bibi wa mtu. Unanielewa?"

Lilikuwa tishio, limevaa tai.

Nereida alimwangalia kuanzia viatu hadi nywele.

"Mwanangu, mama yako anajua unachofanya kwa riziki?"

"Mama yangu anajivunia mimi."

"Basi hajakusikia. Futa jibini hapo kidevuni, halafu nenda kamwambie mkubwa wako kwamba Nereida Batiz amevikalia viti vyake tangu siku ya kwanza, na kiuno chake kizima."

Oakes alifuta kidevu. Lakini alicheka pia, na hicho kicheko Nereida hakukipenda.

Waliporudi, Jaji alikuwa tayari juu. Mtu alikuwa amemwekea mto.

Nereida hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani, akakiinua kielelezo namba saba, akakigeuza miguu juu kama mama anayemkagua mtoto mchanga.

"Bi Batiz, kaa chini," alisema Jaji.

"Mheshimiwa, kipini hakipo."

"Kaa chini, nimese... Kipini gani?"

"Kile kinachofunga vibao. Tazama tundu. Tupu! Bila kipini hata paka hawezi kukikalia."

Wexelblatt aliona mwanya, akapita mbio. "Mheshimiwa! Nani alileta kielelezo hiki asubuhi ya leo? Upande wetu? La hasha!"

Macho yote kwa Oakes.

"Kimetoka maabara ya forodha," alisema Oakes, "nami nimekileta kama nilivyokipokea."

"Kikiwa na kipini?"

"Mimi ni mwanasheria. Si fundi seremala."

"Unasema mtu amekitoa njiani?" Sauti ya Jaji ilishuka. Waliomzoea walijua ikishuka, watu wanaumia. "Unasema mtu, ndani ya jengo hili, amenitegea mtego?"

"Mheshimiwa mama, samahani." Sauti nene ilitoka mlangoni. "Kipini ninacho mimi."

Alikuwa Delroy Pinnock, mlinzi wa mlango mkuu, Mjamaika wa mtaa wa Flatbush, mwili kama kabati. Aliingia na kisahani cha plastiki mkononi. Ndani yake mlikuwa na mkasi wa kucha, funguo za watu, na kipini cha chuma chenye urefu wa kidole.

"Wewe?" Jaji alitoa macho. "Delroy?"

"Mimi, mama. Kina ncha. Chochote chenye ncha hakipandi juu, hata kama ni cha Papa wa Roma. Nilimwambia bwana huyu akichukue akitoka."

"Uliniambia utakirudisha!" Oakes alifoka.

"Nilikuambia ukitoka. Umetoka?"

Vicheko vya kwanza vikaponyoka. Nyundo ikavirudisha.

"Na mkongojo wenyewe," Wexelblatt aliuliza, pole pole, kama mtu anayekaribia ndege asimtishe, "uliuruhusu upite?"

"Ahaa, hapo tulibishana," Delroy alisema. "Fimbo yenye chuma chini ni silaha. Fimbo hazipiti mpaka mwenye nayo awe mlemavu, na bwana huyu, Mungu amsaidie, si mlemavu. Nikamwambia iache. Akakataa katakata. Akaniambia, 'Ofisa, acha ujinga. Hii si fimbo. Hiki ni kiti.'"

Mashine ya Yvonne ikasikika ikimalizia: ki-ti.

"Uongo!" alisema Oakes.

"Uongo? Bosi, si uliandika kwa mkono wako?" Delroy alifungua daftari la mlangoni. "Saa tatu kasoro kumi. 'Kiti kimoja cha kukunja.' Sahihi. B. Oakes. Maandishi mazuri kweli, kama ya daktari aliyepona."

Wexelblatt alifumba macho. Miaka arobaini amebishana kuhusu vitu ni nini. Aliwahi kuapa kwamba mto wa kitandani ni dubu wa kuchezea, na mwaka uliofuata kwamba dubu ni mto. Lakini siku kama hii hakuwahi kuiota.

"Bwana Oakes," alisema Jaji, "nisaidie, maana leo nimeumia. Ulimdanganya ofisa wangu mlangoni, au unanidanganya mimi humu ndani?"

Oakes alikuwa mwekundu hadi masikioni. Lakini msomaji usimdharau. Mtu wa namna ile ukimsukuma ukutani, anaanza kupanda ukuta.

"Mheshimiwa," alisema, na ile sauti ya benki ikarudi, "serikali inaomba Mheshimiwa ujitoe katika kesi hii."

Mtu alidondosha kalamu.

"Rudia."

"Mheshimiwa umekikalia kielelezo. Umeumia. Unajua jambo ambalo halimo katika ushahidi wa upande wowote. Wewe sasa ni shahidi, na shahidi hawezi kuwa jaji. Kesi ianze upya."

Alikuwa amepiga panapouma, na alijua. Maana ombi la kumtaka Jaji Abruzzese ajitoe linaamuliwa na nani? Na Jaji Abruzzese. Peke yake. Akikataa, ataonekana anaficha anguko lake. Akikubali, Nereida amekwisha.

Jaji alitazama dari, kisha mto wake, kisha Yvonne. Yvonne alikuwa bado anasubiri, vidole juu ya mashine, kama mama anayesubiri mtoto aseme ukweli kuhusu kikombe kilichovunjika.

"Mheshimiwa," Nereida alisema.

"Bi Batiz, hujaruhusiwa kusema."

"Najua. Nasema hivi tu. Wateja wangu wanaanguka. Bafuni, kwenye ngazi, mbele ya wakwe zao. Wakija dukani wananiambia wameteleza kidogo, mguu umewachezea, paka alipita. Hakuna anayesema ameanguka. Namjua mtu aliyeanguka kwa jinsi anavyonidanganya. Hakuna aibu, Mheshimiwa. Ingekuwa kuna aibu, mimi nisingekuwa na duka."

Wexelblatt aliacha kupumua. Kumwambia jaji kwamba anadanganya, tena kwa huruma! Watu wamefungwa kwa machache zaidi.

Uso wa Jaji ulibadilika rangi mara mbili, kisha ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze akafanana na mtu wa kawaida wa Staten Island mwenye maumivu ya kiuno.

"Yvonne."

"Mheshimiwa."

"Andika nimeanguka. Andika nimeanguka kwa sababu kipini hakikuwepo. Wote waliomo humu wameniona, kwa hiyo sijui jambo lolote ambalo hamlijui ninyi. Isipokuwa maumivu, na hayo siyaweki kwenye ushahidi. Ombi la kunitoa limekataliwa."

Yvonne alichapa. Alichapa taratibu, na nadhani alitabasamu, ingawa hakuna anayeweza kuapa.

"Delroy, rudisha kipini."

Kikaingia. Tk!

"Bwana Oakes, njoo hapa. Keti."

"Mheshimiwa, serikali haiwezi..."

"Serikali haiketi. Wewe ndiye utakayeketi."

Oakes alikizunguka kile kitu kama mtu anayemzunguka punda mgeni. Akashusha mwili wake inchi moja, akangoja. Inchi nyingine. Hatimaye kilo mia moja na kumi za wakili wa serikali zikatua juu ya vibao viwili. Miguu mitatu haikutetereka.

"Uko salama?"

"Niko salama, Mheshimiwa."

"Umeketi juu ya nini?"

Oakes alinyoosha tai.

"Bwana Oakes. Nimekuuliza, umeketi juu ya nini?"

"Juu ya... kielelezo namba saba, Mheshimiwa."

Hapo hata Yvonne alicheka, na hakuna nyundo iliyopigwa.

Jaji hakungoja wiki wala mwezi. Alitoa hukumu pale pale, kwa mdomo. Kitu kilichotengenezwa ili watu wakikalie, kinachonunuliwa ili watu wakikalie, kinachobeba serikali nzima bila kulia, ni kiti. Kutembea nacho ni ziada. Bi Batiz ameshinda.

Nereida alipiga kelele iliyosikika Bronx. Alimkumbatia Wexelblatt hadi miwani ikapinda. Alimbusu Delroy shavuni, alitaka kumbusu hata karani. Miaka minane ilimtoka machoni, ikamlowesha kola.

Kwa hiyo hakumwona mwanamke wa suti ya kijivu aliyeingia kimya, akamwekea Oakes karatasi moja mapajani.

Oakes aliisoma akiwa bado ameketi. Akaisoma tena. Kisha akasimama, na kile kicheko cha barazani kikawa kimerudi.

"Mheshimiwa, serikali inapokea hukumu kwa mikono miwili. Hatutakata rufaa. Ni kiti."

"Umekuwa mwepesi ghafla," alisema Jaji.

"Na kwa kuwa ni kiti," Oakes aliinua karatasi, "kimeingia katika amri iliyosainiwa saa moja iliyopita. Viti vyote vya kukunja kutoka nchi vinakotengenezwa hivi vya Bi Batiz vinatozwa ushuru wa nyongeza, kuanzia leo, pamoja na vilivyoko njiani. Fimbo hazimo. Nasikia shehena yake inaingia bandari ya Newark Jumanne."

Wexelblatt alimnyang'anya karatasi. Midomo yake ilitembea mstari kwa mstari, ikakwama.

"Don Saul?" Nereida aliuliza. "Wanatoza kiasi gani?"

Mzee alimwonyesha kwa kidole. Nereida aliangalia, akashika meza. Ushuru wa fimbo, ule alioupigania miaka minane asiulipe, ulikuwa chai na kitafunio ukiulinganisha na ule. Hii ilikuwa amri ya kukomoa. Duka halingefika Krismasi.

Na hapo, msomaji, nikaona kwa macho yangu kitu ambacho hawafundishi vyuoni. Saul Wexelblatt alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaikohoa miaka minane yote ikatoka.

"Mheshimiwa, kwa heshima kubwa, upande wetu unaomba mahakama iifikirie upya hukumu yake. Tangu mwanzo nilikuwa na wasiwasi. Ukikitazama vizuri kitu hiki, Mheshimiwa, kwa umbo, kwa jina, kwa asili yake... ni fimbo."

"Pingamizi!" alisema Oakes. "Ni kiti dhahiri!"

Jaji aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeangalia samaki wawili na kushindwa kuamua yupi ameoza zaidi.

"Mawakili kaeni. Nimewasikiliza vya kutosha. Bi Batiz, rudi kizimbani."

Nereida alikwenda.

"Unakumbuka wiki iliyopita uliapa mbele yangu, mkono juu, kwamba hiki ni kiti?"

"Nakumbuka, Mheshimiwa."

"Unakumbuka kiapo bado kinakubana? Anayeapa hivi leo na vile kesho, kwake sina ushuru. Nina jela. Sasa nataka kukusikia wewe, sitaki kuwasikia hawa. Kitu hiki ni nini?"

Oakes alikuwa amekwisha kufungua ukurasa mpya. Kutoka mezani kwake Wexelblatt aliunda neno kwa midomo bila sauti, tena na tena: fimbo, fimbo, fimbo.

Nereida aliinua mkono wa kulia. Alimtazama mzee yule kwa muda mrefu.

"Mheshimiwa," alisema, "kabla sijajibu, naomba kibali. Nataka kumfukuza wakili wangu."